Nesi unayetaka kwenda kusomea usingizi na ganzi: pitia hapa kabla hujaandika barua kwa mkurugenzi

#1 Mzee wa Ambu

Wakuu salaam.

Vyuo vikishatoa matangazo, maswali kwenye magrupu ya wauguzi ni yaleyale: usingizi kuna nini, kunalipa, mbona wanaorudi kutoka kozi wanakuwa wakali? Nimejibu mmoja mmoja mpaka vidole vimechoka, sasa naweka yote sehemu moja. Mimi ni muuguzi, nilikuwa wodi ya upasuaji hospitali ya wilaya hadi nikawa inchaji. Sasa hivi nipo katikati ya kozi. Chuo sitaji, na hospitali ninakofanyia mazoezi sitaji, msihangaike kuniuliza.

Kwanza mjue kwa nini kozi hii ipo. Madaktari bingwa wa usingizi nchini ni wachache na wengi wamebaki hospitali kubwa: Muhimbili, KCMC, Bugando, Mbeya. Ukishuka wilayani, anayemlaza mgonjwa (yaani kumpa dawa ya usingizi au ganzi kwa ajili ya upasuaji) ni nesi, au tabibu, au daktari msaidizi aliyepelekwa kusomea. Kuanzia 2017 hivi vituo vya afya vingi vimejengewa thieta ili akina mama wafanyiwe upasuaji hukohuko bila kusafirishwa. Jengo linakamilika ndani ya miezi. Mtu wa usingizi hapatikani kwa kasi ya fundi na tofali, kwa hiyo kuna thieta zimepakwa rangi na kufungwa taa, na mlango una kufuli kwa sababu hakuna wa kulaza.

Haya, maisha yenyewe. Kinachouma mwanzoni ni kushuka cheo. Juzi ulikuwa unapanga zamu za watu, leo unaambiwa simama kichwani kwa mgonjwa ushike maski. Na maski hiyo utaishika. Kila mwanafunzi anakuja na hamu ya kuweka mpira wa kupumulia kooni, anaona huo ndio utaalamu. Walimu wanamrudisha kwenye maski wiki baada ya wiki: kidole gumba na cha shahada juu ya maski, vitatu vilivyobaki chini ya mfupa wa taya vinainua, sio kukandamiza shingo. Mkono unauma mpaka kwenye kiwiko. Baadaye ndiyo unaelewa kwamba mgonjwa ambaye mpira umeshindikana, lakini unaweza kumpa hewa kwa maski, yuko hai na una muda wa kufikiri. Yule ambaye huwezi kumpa hewa kwa njia yoyote una dakika chache mno.

Darasani kinachowapiga wengi ni fizikia. Ndiyo, fizikia. Mtungi mdogo wa oksijeni, ule wa saizi E, ukijaa una lita kama 680. Geji ikisoma nusu maana yake zimebaki 340. Ukimpa mgonjwa lita 5 kwa dakika una saa moja na dakika chache, na umeme umekatika na konsentreta (mashine inayochuja oksijeni kutoka hewani) imezima. Mwalimu anakuuliza hilo huku daktari ananawa mikono. Halafu anakugeuzia: mtungi wa naitrasi oksaidi, gesi nyingine ya usingizi, je? Ukijibu kwa hesabu ileile umekosa, kwa sababu naitrasi humo ndani ni kimiminika. Geji inabaki palepale mpaka kimiminika kiishe, halafu inaanguka ghafla.

Asubuhi unafika kabla ya kila mtu. Unakagua mashine, unahakikisha saksheni (ya kunyonya mate na matapishi) inavuta, taa ya laringoskopu (kifaa cha kutazamia koo) inawaka (na betri za akiba zipo, usimwamini aliyekuambia jana zilikuwa nzima), unavuta dawa kwenye sirinji na kubandika jina kila moja. Atropini ni maji. Suksamethoni ni maji. Moja inaharakisha moyo, nyingine inalegeza kila msuli wa mwili pamoja na wa kupumua. Kwa macho hazina tofauti.

Kuna wanaosema kazi yetu ni kuchoma sindano mgonjwa akalala. Kulaza kunachukua dakika. Shule yote iliyobaki ni kukaa naye na kumrudisha.

Nitaendelea jioni, nina zamu. Ulizeni.

#2 Nesi wa Kasulu

Asante mkuu, uzi umekuja wakati wake. Mimi nina diploma, niko kituo cha afya, thieta ipo na ina kufuli kama ulivyosema 😅. Je, ruhusa inachukua muda? Na hiyo kozi ni muda gani?

#3 Mchokozi

Kwa hiyo nyie ndio mnasikia siri za watu wakiwa nusu kaputi? Kuna jamaa yangu aliamka akaanza kumtaja mpenzi wake, mke yupo mlangoni.

#4 Mzee wa Ambu

@Nesi wa Kasulu kozi ambayo kwa miaka mingi imezalisha wengi mnaowaona wilayani ni ya mwaka mmoja baada ya uuguzi, KCMC wakiwa miongoni mwa wakongwe. Masharti ya kuingia soma kwenye tangazo la chuo la mwaka husika, usitegemee ya aliyesoma zamani. Ruhusa: anza mapema mno. Barua inapita kwa mganga mfawidhi, kwa DMO (mganga mkuu wa wilaya), kwa mkurugenzi, na kila meza ina mtu anayesema "tutabaki na nani?" Jina lako liingie kwenye mpango wa mafunzo wa halmashauri kabla bajeti haijafungwa. Kama kituo chako kina thieta iliyolala hiyo ndiyo hoja yako kubwa, iandike waziwazi kwenye barua.

@Mchokozi hiyo mara nyingi ni ketamini. Ketamini haimzimi mtu kama propofoli, dawa nyingine ya kulaza, inamtenganisha na mwili wake. Macho yako wazi, yanacheza, anapumua mwenyewe, haoni maumivu. Wakati wa kuamka wengine wanaona vitu, wanaimba, wanalia, wanaita watu waliokufa. Ndiyo maana tunampa dawa ya kumtuliza na tunamwamsha sehemu yenye utulivu, bila kelele na bila kumtikisa. Na yanayosemwa pale yanabaki pale. Mwambie jamaa yako hivyo, ingawa kwa mlangoni sina msaada.

#5 Dkt wa Zamu

Mimi ni daktari, nitasema lisilopendwa. Usingizi ni fani ya udaktari. Nchi tajiri mtu anasoma shahada ya kwanza, intaniship, kisha ubingwa wa miaka kadhaa. Sisi tunachukua nesi, tunampa mwaka mmoja, tunamrusha kijijini peke yake na mama mwenye kifafa cha mimba. Nawaheshimu sana, lakini tusijidanganye kwamba hiyo ni sawa.

#6 Mbeba Boksi

Dkt, nchi tajiri gani? Mimi niko Minnesota, nilikuja kama nesi, sasa ni mwanafunzi wa fani hiihii huku. Marekani wauguzi ndio walioanza kuifanya kuwa kazi maalumu, tangu karne ya 19. Hapahapa Minnesota, mji wa Rochester, alikuwepo nesi anaitwa Alice Magaw. Alikuwa analaza wagonjwa wa madaktari wawili ndugu, akina Mayo, kwa etha ya kudondoshea juu ya kitambaa, na mwaka 1906 alichapisha ripoti ya wagonjwa zaidi ya 14,000 bila kifo kilichosababishwa na usingizi. Siri yake mojawapo ilikuwa kuongea na mgonjwa taratibu mpaka alale, akitumia dawa kidogo.

Ila uko sahihi kwa kitu kimoja: muda. Huku huingii bila kuwa nesi mwenye shahada na angalau mwaka mmoja wa ICU (wodi ya wagonjwa mahututi), na wengi tunaingia na zaidi. Masomo ni kama miaka mitatu. Kila aliyeanza kuanzia Januari 2022 anamaliza na shahada ya uzamivu ya taaluma. Kiwango cha chini ni saa 2,000 za kliniki na mamia ya wagonjwa. Kufanya kazi huku unasoma haiwezekani, kwa hiyo mtu aliyezoea kubeba boksi mbili anakaa miaka mitatu anaishi kwa mkopo, na nyumbani bado wanapiga simu za ada na misiba. Hilo la simu ndilo hawalielewi wenzangu darasani.

#7 Mwana wa Likoni

Kenya pia kuna njia mbili, na kila moja ina wenyewe. Kuna maafisa wa kliniki wanaosomea anesthesia (usingizi) KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, na kuna wauguzi. Hospitali ya Kijabe ndiyo inayojulikana zaidi kwa kuwafunza wauguzi, miezi 18. Kule kwenye kaunti za mbali nesi huyo ndiye peke yake. Ugomvi wa nani akae wapi kwenye muundo wa kazi upo, lakini usiku wa manane mgonjwa hakuulizi umetoka upande gani.

#8 Mstaafu wa Kanda ya Ziwa

Wanangu, nimelaza watu tangu enzi za etha. Tulikuwa na mashine inaitwa EMO, chombo kikubwa cha etha na mvukuto wa kusukuma kwa mkono. Haikuhitaji mtungi wala umeme, mgonjwa alikuwa anavuta hewa ya kawaida ikipita juu ya etha. Thieta nzima inanuka, unarudi nyumbani watoto wanakukwepa. Mgonjwa alichelewa kulala, akachelewa kuamka, akatapika. Lakini etha ilikuwa na huruma: ilikupa onyo kabla ya kuua.

Oksimita, kile kipimo cha oksijeni kinachobanwa kidoleni, hatukuwa nayo. Mjapani aitwaye Takuo Aoyagi alibuni njia yake miaka ya 1970, kufika kwetu ikachukua muda mrefu mno. Tulikuwa na kidole kwenye mshipa wa sikio au shingo, stetoskopu imebandikwa kifuani kwa plasta, na jicho kwenye rangi ya damu ya kidonda. Damu ikianza kuwa nyeusi unamwambia daktari asimame. Ulimi na ndani ya mdomo ndipo pa kutazama, kwa ngozi zetu kucha na midomo vinadanganya.

Dkt wa Zamu, mwanangu, hoja yako naielewa. Lakini wakati mnasubiri mabingwa watoshe, mama wa Ukerewe atasubiri kwenye boti?

#9 Mzee wa Ambu

Shikamoo Mzee. Hilo la kidole kwenye mshipa mwalimu wetu bado analisisitiza, anazima mlio wa mashine makusudi halafu anauliza mapigo ni mangapi.

Kuhusu mlio: moja ya vitu vya ajabu unavyojifunza ni kusikiliza bila kutazama. Oksimita inapiga tit, tit, na oksijeni ikishuka sauti inashuka pia, inakuwa nzito. Baada ya muda unaweza kuwa umegeuka unavuta dawa, sauti ikishuka kidogo tu shingo inageuka yenyewe. Tena inakufuata. Nilikuwa benki, mashine ya foleni ikatoa mlio mzito, nikajikuta natafuta mgonjwa.

Lakini oksimita inachelewa, na hili wanafunzi tunafundishwa mpaka tunaota. Kabla ya kuweka mpira unamjaza mgonjwa oksijeni dakika tatu. Sasa mpira ukienda njia ya chakula badala ya njia ya hewa, oksimita itaendelea kusoma 98 au 99 kwa dakika kadhaa, kwa sababu akiba ipo. Wewe unatabasamu, mgonjwa hapumui. Kipimo kinachosema ukweli mara moja ni cha kaboni dayoksaidi inayotoka kwenye pumzi: hakuna wimbi kwenye skrini, basi mpira hauko mahali pake, utoe. Hospitali kubwa wanacho. Huko tutakakopelekwa wengi hakuna, kwa hiyo unafundishwa kusikiliza tumboni kwanza, kisha kwapa zote mbili, kutazama kifua kikipanda, na ukiwa na shaka unatoa mpira unarudi kwenye maski. Kiburi cha "nimeuona ukipita" kimeua watu.

@Dkt wa Zamu sikubishii. Mwaka mmoja ni mfupi na kila mmoja wetu anajua. Mimi ningependa niwe na bingwa wa kumpigia simu usiku. Ukiwa bingwa, utakubali namba yako ibandikwe ukutani kwenye thieta za wilaya tano? Siulizi kwa kejeli.

#10 Dkt wa Zamu

Ningekubali. Ila mtandao ushike.

#11 Mama Nasra

Samahanini, mimi sio wa afya, nimepita tu. Nilijifungua kwa operesheni, nikachomwa sindano ya mgongo. Mpaka leo mgongo unauma ukija msimu wa baridi. Kila mtu mtaani anasema ni ile sindano. Mnatuficha?

#12 Mzee wa Ambu

Dada, hatufichi, na swali lako tunaulizwa kila siku, wengine wanakataa kabisa sindano kwa sababu hiyo. Nieleze inavyofanyika.

Unakalishwa, unakumbatia mto, unaukunja mgongo. Tunapapasa ncha za juu za mifupa ya nyonga, mstari unaoziunganisha unapita karibu na pingili ya nne ya kiuno. Tunachoma hapo au nafasi moja juu. Uti wenyewe kwa mtu mzima umeishia juu zaidi, karibu na pingili ya kwanza au ya pili, kwa hiyo sindano haiugusi. Inaingia kwenye mfuko wa maji uliobaki na nyuzi za neva zinazoelea. Maji safi yakidondoka tunajua tumefika. Dawa yenyewe ni bupivakaini nzito, kama mililita mbili tu.

Mahali palipochomwa panaweza kuuma siku chache. Kichwa kinaweza kuuma vibaya, hasa ukikaa au kusimama, kikapoa ukilala. Hicho kinatokana na maji kuvuja kwenye tundu la sindano, na ndiyo maana tunataka sindano nyembamba. Wengi hupona ndani ya siku chache au wiki, na ukikipata unarudi hospitali, usikae nacho. Ila maumivu ya mgongo ya miaka, tafiti zimeulinganisha mgongo wa waliochomwa na wasiochomwa, na sindano haikuonekana kuwa chanzo. Ujauzito wenyewe unavuta kiuno, kunyonyesha umeinama, kubeba mtoto upande mmoja, ndoo. Nenda ukapimwe mgongo dada, usiishie kuilaumu sindano ukaacha ugonjwa mwingine.

Na kwa wauguzi wanaosoma: hapo kwenye sindano ya mgongo ndipo utakapoishi. Kazi ya wilaya kwa sehemu kubwa ni mama wa upasuaji. Dawa ikishaingia mgongoni haitoki, ni chumvi kwenye mchuzi. Unamlaza, unampima kwa pamba ya spiriti anasikia baridi mpaka wapi, ikifika usawa wa chuchu daktari anaanza. Unamweka akiegemea kushoto kidogo ili mimba isikandamize mshipa mkubwa wa damu. Presha itashuka, swali ni kiasi gani. Mama akisema "nasikia kichefuchefu", usikimbilie dawa ya kutapika. Tazama presha. Akisema vidole vya mkono vinakufa ganzi, mwambie akubane mkono kwa nguvu. Akishindwa, na sauti imekuwa ya kunong'ona, ganzi imepanda juu kupita kiasi na wewe ndiye utakayempumulia. Wakati huohuo unaongea naye, maana yuko macho na anasikia kila kitu, mpaka daktari anapouliza mechi iliishaje.

Nyongeza kwa wakunga: ile alama ya Apgar mnayompa mtoto dakika ya kwanza na ya tano, Virginia Apgar alikuwa daktari wa usingizi, New York. Aliibuni mwaka 1952. Nimefanya kazi na alama hiyo miaka yote bila kujua alikuwa wa kwetu.

#13 Mama Nasra

Nimekuelewa kaka. Nitaenda kupima. Ubarikiwe.

#14 Nesi wa Kasulu

Mkuu ulisema wanaorudi wanakuwa wakali. Kwa nini? Kuna mmoja kwetu alirudi, hata salamu anaipima.

#15 Mzee wa Ambu

Hapa ndipo nilitaka tufike, na kama nyie ni wauguzi wa miaka mingi someni taratibu.

Wodini sisi tumelelewa kutekeleza. Daktari anaandika, nesi anatoa. Ukiona dozi imezidi unauliza kwa adabu, "Dokta, samahani, hii ni sawa?" Ukijibiwa kwa ukali unanyamaza, unaandika kwenye faili kwamba umemtaarifu. Miaka yote mwili unazoea hivyo. Halafu unaingia darasa la usingizi na wanakuambia kwamba neno "mgonjwa huyu halali leo" ni lako. Mganga mfawidhi yupo, mpasuaji aliyekuzidi elimu, umri na mshahara yupo, na neno ni lako. Kuhesabu lita za oksijeni nilijifunza haraka. Hili bado najifunza.

Niliona mwenzangu wa darasa likimkuta. Mgonjwa wa ngiri, mzee, upasuaji wa kupangwa, sio dharura. Ndugu walimpitishia chai na chapati asubuhi wakiamini wanamsaidia. Mwenzangu akamuuliza mzee amekula nini na saa ngapi, mzee akasema ukweli. Mpasuaji ana orodha ndefu, anasema mchome ya mgongo tu, atakuwa macho, hatatapika. Kwa haraka inaonekana ina mantiki. Lakini ya mgongo ikigoma, au ikipanda, utamlaza kabisa, na akilala kinga ya koo inaondoka, na chapati ile inashuka kwenye mapafu. Mmarekani Mendelson aliyaandika haya tangu 1946, kwa akina mama wa kujifungua. Chakula kigumu angalau muda wa saa sita kabla ya kulazwa, maji matupu muda wa saa mbili, kwa upasuaji unaoweza kusubiri hakuna mjadala.

Mwenzangu alisimama pale, jasho linamtoka kwenye kofia. Mwalimu wetu yupo, amekunja mikono, hasemi kitu. Kumbe anamsubiri. Mwenzangu akasema, "Dokta, huyu nitamlaza kesho akiwa namba moja. Anayefuata yuko tayari, nimwite?" Hakuomba samahani. Hakutoa hotuba ya mapafu. Yule dokta alitupa glavu kwenye ndoo, akasema maneno ambayo sitayaandika hapa, akakaa. Anayefuata akaletwa. Mwalimu alimwambia mwenzangu kitu kimoja tu baadaye: kwamba amempa dokta mgonjwa mwingine badala ya kumpa ugomvi, na hivyo ndivyo inavyofanywa.

Sasa fikiria huyo mwanafunzi amemaliza, yuko wilayani, mwalimu hayupo. Yeye ndiye mtu wa usingizi peke yake. Anaitwa kila usiku, harusini hamalizi sahani, safari ya nje ya wilaya anaomba ruhusa kama mtoto wa bweni. Na kila wiki kuna mtu mwenye cheo anamwambia "laza tu." Viwango vya kimataifa vya WHO na WFSA (shirikisho la dunia la wataalamu wa usingizi) vya 2018 vinataka aliyesomea usingizi awepo chumbani na mgonjwa muda wote. Yeye anaambiwa akishachoma sindano ya mgongo atoke akampokee mtoto, kwa sababu mkunga yuko na mama mwingine. Anakataa, anaitwa mwenye maringo. Anakubali, presha inashuka hakuna anayetazama.

Ndiyo maana anapima salamu, Kasulu. Msalimie tu hivyohivyo.

#16 Dkt wa Zamu

Hiyo ya #15 imenigusa. Nimewahi kutupa glavu. Sio hospitali hiyo, lakini nimewahi. Kwa upande wetu tunafundishwa kupasua, hakuna somo la kuambiwa "hapana" na nesi. Na ile orodha ya ukaguzi ya WHO ya 2008, ya kusimama dakika moja kabla ya kupasua kila mtu aseme jina lake na wasiwasi wake, kwetu inajazwa jioni upasuaji ukiwa umeisha.

#17 Mstaafu wa Kanda ya Ziwa

Mimi nilikuwa nasema, "Dokta, mashine haijawa tayari." Mashine ilikuwa tayari toka alfajiri.

#18 Mbeba Boksi

😂😂 Mzee! Huku nako ipo hiyohiyo, mwalimu mmoja anaangalia saa ya ukutani anasema anasubiri majibu ya maabara.

#19 Mchokozi

Hela je? Mmezunguka sana. Kunalipa au hakulipi?

#20 Mzee wa Ambu

Ngazi ya mshahara inategemea mwajiri na muundo wa utumishi, haipandi siku ileile unayofaulu, na kuna watu wamerudi na cheti wakakaa muda mrefu kwenye ngazi ya zamani wakifuatilia. Kinachobadilika haraka ni simu: hospitali binafsi na za misheni zitakutafuta kwa kazi za kuitwa, kwa sababu hakuna mtu. Hela ipo hapo, na uchovu upo hapohapo. Mtu ametoka kulaza usiku kucha serikalini, asubuhi anaingia binafsi. Mimi nasema hapana kwa hilo, wewe amua. Anayekuja kwa ajili ya hela peke yake ataondoka akishaona kifo cha kwanza mezani, na kifo hicho kitakuja hata kama umefanya kila kitu sawasawa: mama aliyefika amevuja damu, ametoka mbali kwa bodaboda. Chuoni hakuna somo la siku inayofuata baada ya hapo. Tunakaa kwenye kantini wenyewe kwa wenyewe, aliyewahi anamwambia ambaye hajawahi.

#21 Binti Tandika

Mimi nina operesheni ya uvimbe kwenye kizazi Jumatano, nimesoma uzi wote sasa naogopa. Nimuulize nini mtu wa usingizi?

#22 Mzee wa Ambu

Usiogope, ila usimfiche. Atakuja kukuona kabla, kama hajaja mwite. Mwambie kama uliwahi kulazwa kwa nusu kaputi na iliendaje, na kama kuna ndugu wa damu aliwahi kupata shida kubwa kwa dawa hizo, maana mengine yanarithiwa. Pumu, presha, sukari, kifafa, seli mundu. Dawa zote unazotumia, na hapo naongelea mpaka za mitishamba na za kupunguza unene, hatumwambii mtu. Pombe na sigara pia, hatuhubiri, tunapanga dozi. Jino linalocheza, mwonyeshe. Meno ya bandia toa. Saa ya kuacha kula utakayopewa iheshimu hata shangazi akikuletea uji. Suka nywele zilale, usije na wigi lenye vibanio vya chuma. Kucha za bandia na rangi nyeusi toa, oksimita inasoma kupitia kidole.

#23 Binti Tandika

Kucha nimebandika juzi elfu thelathini jamani 😭

#24 Mzee wa Ambu

Toa za vidole viwili, kimoja kila mkono. Nane baki nazo.